Hesabu ya Mali Iliyofichika

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo waijua hata watoto wa shule, nao hudhani ni shauri la wachuuzi wa sokoni tu. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba ni shauri la nchi nzima pia, tena kwamba limetugusa sisi watu wa Ituri kuliko wengi wengine. Maana mali ya ardhi yetu ilitoka miaka mingi bila kuandikwa. Wataalamu wa hesabu walipotaka kujua ni kiasi gani kilichotoka, na kwa nini watu wenye silaha walikaa hapa na si pale, walikuta kurasa tupu. Ndipo ilipowabidi kutumia akili ya namna nyingine: kuhesabu wasichokiona kwa msaada wa kile kidogo wanachokiona.

Elimu hiyo ina majina marefu katika vyuo vikuu, lakini maana yake si ngumu. Mwindaji hakumwona mnyama, ameona nyayo. Kwa urefu wa hatua ajua mnyama alikimbia au alitembea; kwa kina cha unyayo ajua uzito wake; kwa umande uliomo ajua alipita usiku au asubuhi. Tena mwindaji mwenye busara hasemi: "Ni huyu hasa." Husema: "Hawi mdogo kuliko huyu, wala mkubwa kuliko yule." Mtaalamu wa hesabu afanya vivyo hivyo. Huunda mfano mdogo wa mambo, huingiza habari chache alizo nazo, kisha hutazama kama mfano ule wafuata nyayo.

Nasi hapa Marabo, kwenye barabara itokayo Bunia kwenda Komanda, tunazo sababu za kuijua elimu hiyo. Yaliyoandikwa juu yetu kwa njia ya hesabu yamegeuka kuwa sheria, na hukumu, na fedha.

Vitabu vya Kilo na Moto

Mwaka 1903 wachunguzi wawili waliotoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika nchi ya Kilo. Mwaka 1905 uchimbaji ulianza, na mwaka 1926 ikaundwa kompani kubwa ya Kilo-Moto. Kompani hiyo ilikuwa na vitabu. Dhahabu ilipimwa, ikaandikwa, ikatiwa mhuri, ikasafirishwa. Mtu angeweza kuketi Bruseli akajua Kilo imetoa nini mwezi uliopita.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa vitabu. Daftari huandika kile mwenyewe anachotaka kukijua. Gramu za dhahabu ziliandikwa vizuri. Nguvu iliyotumika kuwapata wafanyakazi, na chakula ambacho vijiji vililazimishwa kulima ili kulisha migodi, havikupata safu yake katika kitabu cha faida. Huo ndio ufundisho wa kwanza: upungufu wa habari si giza la bahati mbaya sikuzote. Mara nyingi yuko mtu aliyeamua kutoandika.

Mwaka 1966 serikali ya Kongo ilitwaa migodi hiyo, ikaitwa Office des Mines d'Or de Kilo-Moto. Mwishoni mwa mwaka 1982 sheria iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu kwa mikono yao. Watu wengi waliingia mitoni na mashimoni wakiwa na sepetu na karai. Riziki ilipatikana, lakini daftari lilikatika. Dhahabu ikapimwa kwa mizani ndogo ya mkononi, uzito wake ukiwa njiti za kiberiti na sarafu za zamani. Wachuuzi wakubwa wakahesabu kwa tola, kipimo kilichotoka Bara Hindi, ambacho ni gramu 11.66. Mchimbaji aliuza kwa mchuuzi mdogo, huyo akauza kwa mkubwa, na mkubwa akavuka mpaka. Katika kila hatua mwenye kununua alijua bei ya mbele, na mwenye kuuza hakuijua. Basi ujinga wa bei ukawa kodi isiyoonekana, nayo humwangukia sikuzote aliye chini kabisa shimoni.

Kulinganisha vitabu viwili

Vita vilipoingia mwaka 1998, majeshi ya Uganda yakakaa Ituri mpaka mwaka 2003. Dhahabu ilitoka, lakini nani angejua kiasi chake? Hapakuwa na kitabu Bunia wala Kinshasa.

Wachunguzi waliotumwa na Umoja wa Mataifa walifanya jambo jepesi lenye akili. Walichukua vitabu vya Uganda yenyewe, wakaviweka viwili pamoja: kitabu cha dhahabu iliyochimbwa nchini na kitabu cha dhahabu iliyouzwa nje. Taarifa yao ilitoka Aprili 2001. Kwa mwaka 1999 dhahabu iliyochimbwa Uganda iliandikwa tani 0.0047, yaani kilo 4.7 tu. Dhahabu iliyouzwa nje mwaka uleule iliandikwa tani 11.45. Mwaka 2000 iliyochimbwa ilikuwa kilo 4.4, na iliyouzwa tani 10.83.

Msomaji atazame vema. Hesabu hii haikuhitaji mtu aliyeona magunia yakivuka mpaka. Haikuhitaji mwizi akiri. Vitabu viwili vya nchi moja vilisimama vikatazamana kama mashahidi wawili wasiokubaliana. Tofauti kati yao ndiyo unyayo.

Lakini mwindaji mwema hajisifu kupita nyayo. Tofauti hiyo yatuambia kwamba dhahabu nyingi ilitoka mahali pengine. Haituambii kwamba kila gramu ilitoka Ituri, wala kwamba yote iliporwa. Nyingine yaweza kuwa ilitoka nchi nyingine jirani. Nyingine yaweza kuwa ilichimbwa Uganda na watu wadogo wasioandikwa, kama wasivyoandikwa wetu. Kwa hiyo hesabu safi hutoa mipaka miwili, wa chini na wa juu, nayo hueleza ni kitu gani kingeweza kuisogeza huku au huku. Atoaye namba moja tu mahali penye giza, huyo auza uhakika asio nao.

Namba chache za vifaru

Pengine mtu atauliza: habari chache namna hiyo zaweza kweli kutoa ukweli? Jibu twalipata katika vita vya pili vya dunia.

Waingereza na Wamarekani walitaka kujua Wajerumani waliunda vifaru vingapi kwa mwezi. Wapelelezi wao walisikia mengi, na kwa mwezi wa Agosti 1942 walikadiria 1,550. Wataalamu wa hesabu hawakusikiliza uvumi. Walitazama namba zilizopigwa kiwandani juu ya vyuma vya vifaru vilivyotekwa, hasa juu ya masanduku ya gia. Kwa namba hizo walikadiria 327. Vita vilipokwisha, vitabu vya Wajerumani vilifunguliwa: walikuwa wameunda 342. Uvumi ulikosea zaidi ya mara nne. Namba chache juu ya chuma zilikaribia ukweli.

Njia yenyewe hata mwanafunzi wa shule ya msingi aiweza. Tuseme magunia ya madini yamepewa namba kwa mfuatano kuanzia 1, nasi tumebahatika kuona matano tu barabarani: 14, 37, 52, 68 na 90. Namba kubwa ni 90. Tugawanye 90 kwa 5, twapata 18. Tujumlishe 90 na 18, tutoe 1: twapata 107. Basi twakadiria kwamba magunia yote ni karibu 107. Kwa nini? Kwa sababu namba tulizoziona zimeacha nafasi kati yao, na yafaa kudhani kwamba juu ya ile kubwa pia ipo nafasi kama hiyo. Kadiri tunavyoona magunia mengi zaidi, ndivyo nafasi inavyopungua na hesabu inavyokaza.

Lakini sharti moja lipo: magunia tuliyoyaona yawe yameonekana kwa bahati tu. Kama mtu ametuonyesha yale matano aliyotaka tuyaone, hesabu yetu ni bure. Katika biashara ya madini ya nchi yetu, hilo ndilo swali la kwanza kuuliza: nani ameniletea habari hii, na ameificha ipi?

Koltani, jiwe lisilo na bei ya wazi

Sasa tuje kwa madini yaliyoiunganisha nchi yetu na viwanda vya ufundi mpya kuliko vyote. Koltani ni jiwe jeusi zito, lapatikana hasa Kivu. Ndani yake mna tantali, madini yatumikayo kuunda kapasita, vile vipande vidogo vinavyotunza na kutuliza umeme ndani ya simu za mkononi na kompyuta. Bila vipande hivyo simu isingekuwa ndogo hata kuingia mfukoni.

Dhahabu bei yake hutangazwa ulimwenguni kila siku. Tantali sivyo. Haiuzwi katika soko kubwa la madini la London; wenye migodi na wenye viwanda hupatana wao kwa wao. Miaka ile mchimbaji mkubwa kuliko wote, kompani ya Sons of Gwalia ya Australia, aliuza kwa mikataba ya muda mrefu. Basi bei iliyosikika nje ilikuwa bei ya kiasi kidogo tu kilichobaki, nayo iliyumba kama mtumbwi mtupu.

Mwaka 2000 simu za mkononi zilienea haraka, na mwezi wa Machi mwaka huo kompani ya Sony ilitoa Japani chombo kipya cha michezo, PlayStation 2. Wenye viwanda waliogopa kukosa tantali, wakanunua ya kutumia na ya kuweka akiba. Kwa kuwa hakuna aliyejua mwenzake ameagiza kiasi gani, hofu ya mmoja ikawa hofu ya wote. Bei ikapanda mara kadhaa kwa miezi michache. Huko Kivu watu waliacha mashamba na shule wakakimbilia machimbo. Waasi wa RCD-Goma, waliotawala Kivu wakati ule, walitoa Novemba 2000 ruhusa kwa kompani moja tu, SOMIGL, kuuza koltani nje. Mwaka 2001 akiba za viwandani zilijaa, na bei ikaanguka. Waliokuwa wameacha jembe walirudi wakakuta shamba limekuwa msitu.

Tazama jinsi habari inavyopotea safarini. Mnunuzi wa Japani hakujua kwamba wote wameagiza kupita haja. Mchimbaji wa Masisi hakujua kwamba bei ile haitadumu. Mmoja alipata hasara katika vitabu. Mwingine alipata njaa nyumbani.

Mnyang'anyi akaaye na mnyang'anyi apitaye

Kutoka katika mambo hayo mtaalamu wa uchumi Raúl Sánchez de la Sierra aliunda mfano wa hesabu unaostahili kujulikana na kila mtu wa mashariki ya Kongo. Aliutoa mwaka 2020 katika jarida la wataalamu wa uchumi huko Chicago. Swali lake lilikuwa hili: Kwa nini mtu mwenye bunduki huamua kukaa mahali, akatoza kodi, akaweka sheria na hata ulinzi, badala ya kupora na kupita?

Msingi wa jibu aliuweka Mancur Olson mwaka 1993. Tuseme kijiji chavuna mizigo 100 kila msimu. Mnyang'anyi apitaye huchukua yote 100, na msimu ujao hakuna kitu, maana watu wamekimbia. Mnyang'anyi akaaye huchukua 30 tu na kuwazuia wanyang'anyi wengine. Baada ya misimu minne amekusanya 120, na kijiji bado kipo. Basi mwenye tamaa na akili huchukua kidogo. Lakini akijua kwamba atafukuzwa kesho, hesabu hugeuka, naye huchukua yote leo.

Sánchez de la Sierra aliongeza jambo ambalo Olson hakulitia mkazo: je, mali yaonekana? Tufanye hesabu wenyewe. Tuseme mchimbaji ana gunia la koltani kilo 40, na kila kilo yauzwa dola 50. Thamani yake ni dola 2,000. Mwaka 2000 gramu moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 9 katika soko la dunia. Kwa hiyo dhahabu ya dola 2,000 ni gramu 222 hivi. Dhahabu ni nzito mno: gramu hizo haziijazi hata nusu ya kisanduku cha njiti za kiberiti. Gunia la kilo 40 hubebwa mgongoni mbele ya macho ya watu wote. Nusu kisanduku cha kiberiti hufichwa katika pindo la nguo.

Mfano wasema basi: koltani ikipanda bei, mwenye bunduki atakaa machimboni, maana hapo aweza kuhesabu magunia na kutoza. Dhahabu ikipanda bei, kukaa machimboni hakumfai sana, kwa sababu hawezi kuona kilichotolewa. Atakaa kijijini, mahali mchimbaji anapokuja kula, kunywa na kununua nguo, naye atatoza kila kichwa, kila nyumba, kila meza ya soko.

Huo ni mfano tu; je, nyayo zauthibitisha? Serikali haikuwa na vitabu vya mambo hayo, wala wenye silaha hawaandiki taarifa za kodi. Basi aliwatuma watafiti vijijini Kivu, wakawauliza wenyeji wakumbuke mwaka kwa mwaka: nani alikaa hapa, alitoza nini, alilinda au alipora? Kumbukumbu za wazee zikawa daftari. Zilipokusanywa, zilionyesha kwamba koltani ilipopanda bei, wenye silaha walijiwekea forodha zao kwenye machimbo ya koltani. Dhahabu ilipopanda, walikaa katika vijiji ambamo fedha ya dhahabu ilitumika, wakaweka vibali, kodi na utawala. Ikaonekana pia kwamba watu waliokaa chini ya mnyang'anyi akaaye mara nyingi walikuwa na hali nafuu kidogo kuliko walioachwa kwa apitaye. Hiyo si sifa kwa mnyang'anyi. Ni kipimo cha ubaya wa yule mwingine.

Utafiti huo ni wa Kivu, si wa Ituri. Lakini sisi ni nchi ya dhahabu, na maana yake kwetu yaeleweka. Mahali ambapo mali haionekani, kizuizi hakiwekwi juu ya mali, bali juu ya watu. Hukaa barabarani na mlangoni mwa soko. Mwaka 2017 watafiti walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Mwenye dhahabu pindoni hupita akicheka. Mama mwenye kikapu cha mihogo kichwani hulipa. Basi kodi ya dhahabu hulipwa na mihogo. Jambo hilo kila mtu wa barabara za huku alilijua kwa uchungu. Mfano wa hesabu umetuonyesha sababu yake.

Hesabu nzuri, tendo baya

Sasa tuone hatari. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria kubwa ya mambo ya fedha, na sehemu yake ya 1502 iliwataka wenye viwanda kueleza kama dhahabu, tantali, bati na tangsteni wanavyotumia vyatoka Kongo au nchi za jirani, na kama viliwafaidia wenye silaha. Nia ilikuwa njema. Mawazo yake yalikuwa haya: ondoa fedha, bunduki zitanyamaza. Septemba mwaka uleule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wanunuzi wengi waliogopa, wakaiacha nchi.

Wataalamu Dominic Parker na Bryan Vadheim walipima matokeo, wakatoa jibu lao mwaka 2017. Vita havikupungua, uporaji dhidi ya raia uliongezeka. Mwaka 2016 Parker na wenzake wengine walikuwa wameonyesha kwamba katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyoguswa na sheria hiyo vifo vya watoto wachanga viliongezeka, maana mama asiye na fedha hafiki kwa mganga wala dukani.

Mwenye kufuata hesabu ya Olson hashangai. Mtu wa bunduki aliyekuwa akitoza 30 kila msimu ameambiwa kwamba hakuna msimu ujao. Basi amerudi kuwa mnyang'anyi apitaye. Waliotunga mashauri walihesabu fedha, hawakuhesabu watu wanaoishi kwa fedha hiyo. Walikuwa na habari chache, na mahali pa habari zilizokosekana waliweka sifuri. Kumbe mahali pasipojulikana si sifuri. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika elimu hii: kudhani kwamba kisichoandikwa hakipo.

Mizani ya The Hague

Tufikie jambo lililo karibu nasi kabisa. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi, iliamua kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu, nayo yapaswa kujibu kwa maovu yaliyotendwa humo, pamoja na uporaji wa mali. Nchi mbili ziliachiwa kupatana juu ya fidia. Hazikupatana. Mwaka 2015 Kongo ilirudi mahakamani.

Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilisema raia 180,000 walikufa kwa sababu ya makosa ya Uganda. Waamuzi waliuliza: vyeti viko wapi? Majina yako wapi? Mashahidi walioandikwa wako wapi? Vingi havikuwapo. Vijiji vilichomwa, ofisi zilichomwa, na waliokimbia hawakubeba makaratasi. Huku njia yetu, watu wa Nyankunde wakumbuka mwezi wa Septemba 2002, hospitali iliposhambuliwa na watu wengi wakauawa. Nani, katika mbio zile, angeshika kalamu?

Mwaka 2020 mahakama iliteua wataalamu wanne kusaidia kukadiria vifo na mali. Ndiyo ile kazi ya mwindaji tuliyoieleza, lakini safari hii nyayo zilikuwa za watu waliokufa. Tarehe 9 Februari 2022 hukumu ilitolewa. Kuhusu vifo, waamuzi walisema ushahidi waonyesha idadi kati ya watu 10,000 na 15,000. Fidia yote ikawa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa mali asili, dhahabu ikiwa ndani yake. Ilipwe kwa miaka mitano, dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022.

Hatusemi kwamba mahakama ilidhulumu. Ilisema wazi kwamba ushahidi ulikuwa mdogo, na kwamba ilitoa jumla moja yenye kufaa kwa kadiri ya ushahidi ule. Hata vitabu tulivyotaja vya dhahabu ya Uganda vilikuwa sehemu ya habari zilizojulikana. Lakini msomaji apime mwenyewe umbali ulio kati ya 180,000 na 15,000, na kati ya bilioni 11 na milioni 325. Sehemu ya umbali huo yaweza kuwa ni madai yaliyopita kiasi. Sehemu nyingine ni wafu wasioandikwa popote. Wapi sehemu ya kwanza yaishia na ya pili yaanzia, hakuna hesabu itakayoweza kutuambia sasa, maana namba zake zilizikwa pamoja nao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu pia.

Daftari letu

Basi tufanye nini? Wengine hufikiri elimu ya hesabu ni ya wenye mashine kubwa na vyuo vikuu, nasi kazi yetu ni kusubiri matokeo. Sivyo. Katika habari zote tulizozieleza, mtaalamu alianza na kitu kidogo kilichoandikwa na mtu mdogo: karani aliyeandika tani 11.45, fundi aliyepiga namba juu ya sanduku la gia, mzee wa kijiji aliyekumbuka mwaka fulani na kizuizi fulani. Mfano wa hesabu ni kinu. Kinu hakizalishi nafaka. Husaga ile iliyotiwa ndani.

Kwanza, wachimbaji wanaofanya kazi pamoja waweke kitabu: siku, uzito, bei, na jina la kijiji kilichouziwa. Baada ya mwaka mmoja wataona wenyewe ni siku zipi bei huanguka na ni njia ipi huibiwa. Simu ya mkononi, iliyoundwa kwa tantali yetu, sasa hutuletea bei ya dhahabu ya dunia siku ileile; anayeijua bei hiyo hadanganywi kama baba yake alivyodanganywa.

Pili, vijiji viandike waliozaliwa na waliokufa. Katika parokia nyingi za nchi yetu vitabu vya ubatizo na vya mazishi ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote yaliyobaki, nayo yaeleza majina ambayo serikali haikuyaandika. Mwenye kutunza kitabu hicho asidhani afanya kazi ya makaratasi. Anatunza ushahidi. Tena nakala ya pili iwekwe mahali pengine, maana moto hauchagui.

Tatu, mtu akija na karatasi yenye namba moja kubwa juu yetu, iwe ya sifa au ya kulaumu, tumwulize kwa adabu: Umeona nini kwa macho? Umekadiria nini? Mpaka wa chini ni upi, na wa juu ni upi? Na mahali usipojua, umeweka nini? Maswali hayo manne hayahitaji chuo kikuu. Tumeona kwamba ambapo hayakuulizwa, watoto walikufa. Na ambapo majibu yake hayakuwapo, wafu wetu hawakuhesabiwa.